Siku Tutakapoachana, Mashine Itakwenda Wapi?

Wakubwa, shikamooni. Wadogo zangu, poleni na mavuno. Sitataja jina la mtu. Wengine mmo humu ndani. Masikio yakiwawasha, jikuneni polepole.

Mume wangu aliponifia aliniachia watoto na kibanja hapa Nyaishozi, migomba na mibuni mpaka kando ya barabara. Ikaundwa kampuni ya wakulima, ilete mashine ya kukoboa kahawa. Wakubwa wake wakaniambia, "Mama, toa kipande cha barabarani, tutakiandika kuwa hisa yako." Katiba tulisomewa juani, kwa Kiswahili cha mjini, nasi wengi tunaota kwa Kinyambo. Tukapiga makofi. Ndugu zangu, nawaambia, makofi yale nayasikia hadi leo.

Katiba ile ilisema mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Misimu ikapita. Wenye hisa nyingi, wafanyabiashara wasiolala hapa, wakapiga kura ya kuivunja kampuni. Mashine ikapakiwa kwenye lori. Kipande changu, kilichokwisha kuandikwa mali ya kampuni, kikauzwa, na aliyekinunua akang'oa mibuni ya marehemu, akajenga bohari. Nikawa kibarua, napalilia maharage ya watu, na kila asubuhi njia yangu inapita mbele ya bohari hiyo. Nikaanza kumshuku kila aliyeshika karatasi. Hata katekista akifungua kitabu cha nyimbo, nilitazama vidole vyake.

Ndipo majirani wakaunda kundi jipya, nao wakataka mashine. Barabarani palikuwa pamebaki uwanja wangu tu, ule wenye nyumba. Kijana mmoja msomi akatuletea katiba mbili tuchague. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya hisa kama ile ya zamani. Ya pili ilikuwa ndefu: kampuni isiyo na hisa, kila mwanachama kura moja, faida irudi kwenye kazi ya wakulima. Kijana akaisifu hiyo ya pili kwa upole. Upole wake ukanitia shaka zaidi.

Nikasimama. "Siku tutakapoachana, mashine itakwenda wapi? Na uwanja wangu?"

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Ndoa haijafungwa, mama huyu anauliza talaka!"

Mwingine akadakia, "Wakuja hawa! Nani amekutuma?" Wazazi wangu walitoka Rwanda, mnalijua hilo.

"Nimetumwa na bohari," nikasema.

Halafu jirani yangu, huyu anayejificha nyuma ya kitenge sasa hivi, akaangua kicheko. "Jamani, na ule mtumbwi wetu wa kukamulia ndizi, obwato? Waliohamia Kyerwa walipasua kipande chao wakaondoka nacho?"

"Thubutu! Umebaki na wanaokamua," watu wakajibu.

"Basi na mashine iandikwe hivyo hivyo."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kupona. Tukachagua katiba ndefu. Kijana akasoma kifungu kwa kifungu, jirani akigeuza kwa Kinyambo, mpaka mbuzi wakajirudia nyumbani wenyewe. Tukaandika kwamba kundi likivunjika, mashine iende kwa kundi lingine la wakulima, isigawanywe. Uwanja sikuwapa, niliwakodishia. Wao wakiondoka, unabaki wangu. Leo mashine inanguruma mlangoni pangu, na watoto wangu wanalala katika nyumba aliyotuachia baba yao.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wa kitenge. Namshukuru kijana yule, niliyemhoji kama mwizi wala hakukunja uso. Nilichojifunza ni hiki: habari za kuachana ziulizwe mngali mnapendana, maana mkishachukiana hakuna atakayewajibu. Na mwenye nia njema hachoki kuulizwa.

Sasa naambiwa chama chetu hiki nacho kina katiba mpya, imo mkobani mwa mwenyekiti, na tuipitishe upesi kwa sababu mvua inakuja.

Mwenyekiti, shikamoo. Mvua na inyeshe. Tusomee.