Nusu Kikombe cha Mwalimu Longinus

Mwalimu Longinus Nduwayezu amestaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Jiografia hapa shuleni kwetu Kasulu. Mkuu wa shule amenituma mimi, Rabia, karani wenu, niandike wasifu wake katika jarida hili, na ameniomba niwe mpole. Nitajaribu.

Alianza kazi shule ikiwa na madarasa machache na ramani moja ya dunia, ambayo aliitunza kama mboni ya jicho. Aliowafundisha leo ni wauguzi, mabwana shamba, na mmoja yuko mpakani Manyovu anagonga mihuri. Somo lake kubwa lilikuwa visiwa. Ngazija, Nzuani, Shelisheli, alivitaja utadhani ni vijiji vya njia ya Kakonko. Kila mwaka hakukosa mtoto wa kumuuliza kama amewahi kufika, naye alijibu kwa kuonyesha ramani.

Sifa yake ya pili ni chai ya saa nne. Tangu nihamie hapa kutoka Singida, yeye ndiye aliyekuwa akitumiminia ofisini, tena kwa desturi ya kwao: kikombe kinajaa mpaka ukingoni, unainama unakifuata mezani kwa mdomo. Kumpa mtu kikombe nusu huku ni kumwambia hukufurahi kumwona.

Mwaka jana aliomba likizo ndefu ya mwisho. Alimuaga mkewe, Mama Esteria, kwamba anakwenda Dodoma kushughulikia karatasi za kustaafu. Miezi ikapita na hakuna aliyeshangaa, maana karatasi ni karatasi. Tulishangaa aliporudi, amekonda, amekuwa mweusi tii, mfukoni ana karafuu na vanila, akatuambia hakufika Dodoma hata kidogo. Alikuwa baharini! Tharsisi, mwanafunzi wake wa zamani, ni fundi wa injini kwenye meli ndogo ya mizigo, na ndiye aliyemwombea nafasi jikoni. Walitoka Mtwara, wakashusha saruji Ngazija, wakapita Nzuani, wakavuka hadi Mahajanga kule Madagaska, kisha wakapanda mpaka Shelisheli, yeye akimenya viazi njia nzima. Alisema alidanganya kwa sababu kaka wa Mama Esteria alizama Ziwa Tanganyika, na mama huyo alimwapisha kabla ya ndoa kwamba hatapanda chombo cha majini maisha yake yote.

Haya. Tukaomba picha. Simu, akasema, ilitumbukia baharini. Ehe! Simu zote za dunia hutumbukia siku zinapohitajika. Karafuu zipo hata soko la hapa Kasulu, na weusi unaupata ukilima maharage juani. Dereva wetu Majaliwa naye akaapa kwamba miezi ileile alimwona Manyovu mtu mwenye kofia na mwendo wa Mwalimu, ananunua vitenge. Viwili, si kimoja. Wenye akili tukaangaliana.

Kilichotuchoma zaidi ni chai. Mzee alirudi akitumiminia nusu kikombe, kila mtu, kila siku, bila hata kuona aibu. Halafu akawa hali chakula mpaka atandike kitambaa kilicholowa maji chini ya sahani. Wapo walionong'ona kwamba anajikinga na sumu, na ninyi mnajua Kigoma tunavyosemwa kwa mambo hayo. Mimi sikusema kitu, ila chai yangu nilianza kujimiminia mwenyewe.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Mama Esteria alivumilia wiki kadhaa, kisha akasema mwanamume anayekupunguzia chai, ile nusu nyingine anaipeleka mahali. Njia ya mwongo fupi, akasema, na aliyedanganya Dodoma atashindwaje kudanganya bahari? Akafunga mizigo, akaenda kwa mdogo wake Kibondo. Mwalimu alibaki anapika mwenyewe, na kwa kweli alianza kunyauka. Alisema sherehe ya kuagwa bila mke wake tusiiandae, atachukua begi lake na kuondoka.

Mkuu wa shule akanituma na Majaliwa Kibondo kumwomba shemeji. Alikataa katakata. Mwishowe akakubali kupanda gari letu ili afuate mbuzi wake tu. Sherehe, akasema, tule wenyewe.

Njiani barabara inatengenezwa, tukaingizwa kwenye mchepuko wenye mashimo ya kumeza mbuzi. Mama Esteria alikuwa na chupa ya chai, na hasira hazimzuii Muha kukirimu. Akanijazia kikombe mpaka ukingoni. Gari likaruka, chai yote ikanimwagikia mapajani. Nilipiga yowe. Akanifuta kwa kitambaa, akaniomba radhi, akamimina tena, safari hii nusu. Kile kitambaa kilicholowa akakitandika juu ya dashibodi, akaweka kikombe chake juu yake. Hakikuteleza.

Akaitazama mikono yake. Nusu kikombe, kitambaa kilicholowa: yaleyale ya Mwalimu. Kisha akamuuliza Majaliwa, ambaye amekulia Ujiji na mitumbwi anaijua, kama majini ni hivi. Majaliwa akajibu ni zaidi ya hivi, na hakuna pa kushuka. Hapo Mama Esteria akalia kwa sauti. Kumbe alikwenda kweli, alisema, mpumbavu huyu, kumbe angenifia kama kaka yangu, nami niko hapa nahesabu vitenge!

Sherehe ilifanyika. Wakati wa chai Mama Esteria aliinuka kwenye kiti cha nyuma, akanyang'anya birika, akaenda hadi meza kuu na kummiminia mumewe nusu kikombe mbele ya wageni wote. Ukumbi uliganda. Mwalimu akakitazama, akaelewa kwamba ameaminiwa. Mama akamwambia hiyo ni ya safari, ainywe aimalize. Alipomaliza akamjazia tena, mpaka ukingoni, mpaka ikafurika mezani, akasema hii ni ya nyumbani, na nyumbani kwake hakuna atakayekunywa nusu tena. Mwalimu Longinus aliinama akaifuata kwa mdomo, machozi yakadondokea humo humo.

Mwalimu, asante kwa visiwa vyote ulivyotufundisha, vya ramani na vingine. Tunakutakia uzee wa raha, ardhi isiyoyumba chini ya miguu yako, na mke wa kukujazia kikombe. Majaliwa ameshaungama kwamba yule wa Manyovu alimwona kwa nyuma tu. Ila ile simu iliyotumbukia baharini, Mwalimu, mimi bado naifikiria.