Historia ya Kobe, Mfunga Vitabu, na Kizibo Kilichogeuzwa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi ya leo mkaja kutusindikizia mtu wetu, familia imenituma mimi, dada yake mkubwa, niwasomee maisha yake, si kwa sababu nina elimu, darasa la saba langu mnalijua, bali kwa sababu wengine wote waliozijua tarehe wametangulia. Wameniomba nifupishe, nami nitafupisha panapofupishika.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, nyumbani, katika chumba cha nyuma, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu baba yetu aliyekuwa mpaka rangi na marehemu mama yetu aliyekuwa muuza mkaa, akazaliwa wiki mbili baada ya siku aliyotarajiwa, na tangu hapo hakuwahi kuwahi popote, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kobe.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akamaliza akiwa wa tisa kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, na mwalimu wake alimwambia baba kwamba mtoto huyu akili anazo, ila anazitoa mojamoja.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama mfunga vitabu, kazi ya kushona karatasi, kupaka gundi na kungoja ikauke, akaifanya kwa miaka thelathini na minane bila onyo hata moja, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Huko ndiko alikojifunza drafti, katika saa za kungojea gundi, wakichora ubao kwenye jalada lililoharibika na kucheza kwa vizibo vya soda, mmoja akilaza vyake chali, mwenzake akilaza vyake kifudifudi, na hapo ndipo alipokutana na seremala wa kiwanda, ambaye tunamwita Radi kwa sababu husogeza kete kabla hujatoa mkono wako.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Desemba 1978, na wifi yangu, mshonaji wa sare za shule, mwanamke aliyevumilia mengi, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mwalimu na mwingine dereva wa basi, na wajukuu watano. Wifi yangu alifariki tarehe 19 Mei 2011, nami nikahamia kwa mdogo wangu, kumpikia, na kumsema pale alipostahili kusemwa.

Wakati huo Radi alikuwa akija kila siku saa kumi, wanakaa barazani na ubao wao juu ya stuli, mmoja anafikiri hadi chai inapoa, mwingine anamwuliza kama amtafutie godoro, na mchezo usipokwisha waliulaza, yaani waliuacha vilevile, wakaufunika kwa kitambaa cha meza, kesho yake wakaendelea. Hiyo ilikuwa sheria yao, na hakuna aliyekigusa kitambaa kile.

Mimi nilikigusa. Jumatatu, tarehe 18 Agosti 2014, asubuhi, niliona sisimizi wamefuata sukari iliyomwagika, nikafunua, nikafuta, kizibo kimoja kikaanguka chini ya stuli, nikakirudisha kwenye nyumba yake ileile ya ubao, ila sikuwa nimeangalia kama kilikuwa chali au kifudifudi, nikakilaza kifudifudi, nikaenda zangu kuchambua maharage.

Saa kumi Radi alikuja, akafunua, akatazama, akasema, "Kobe, kete yangu imelala ikiwa yangu, imeamka ikiwa yako." Marehemu akamjibu kwamba yeye analala chumbani, hayajui ya kete, wakacheka kidogo, kisha wakahesabu vizibo, wakaacha kucheka. Radi akasema mtu anayeiba kizibo ataiba na kingine, marehemu akasema hajaitwa mwizi tangu azaliwe na hataanza kuitwa barazani kwake, Radi akachukua kofia yake akaondoka, na mimi nilikuwa mlangoni na ungo wangu, nimesikia kila neno.

Mdomo huu mnaujua, haujawahi kupungukiwa maneno, siku ile ulipungukiwa. Nilijiambia kesho watacheka wenyewe, kesho ikawa wiki, na kosa likishalala wiki nzima huota mizizi, nikaona bora wagombane wao kuliko niaibike mimi.

Kwa miaka kumi na zaidi marehemu alicheza peke yake ndani ya nyumba, anasogeza kete huku, anainuka na goti lake bovu, anauzunguka ubao, anakaa kiti cha pili, anasogeza kule, na akikaa upande wa Radi alicheza harakaharaka na kujitukana polepole, wala hakumpunja mwenzake hata siku moja. Nilimcheka, nikamwambia mzee umeanza kuzeeka vibaya, akaniambia nimwache, ni zamu ya mgeni.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitali Jumapili, tarehe 29 Desemba 2024, madaktari wakasema ni moyo. Jumanne, tarehe 7 Januari, nikiwa namlisha uji, nilimweleza habari ya kizibo, yote, mpaka sisimizi. Aliniuliza kilikuwa nyumba ipi, nikamwonyesha juu ya shuka kwa kijiko, akafumba macho akaucheza mchezo ule kichwani mpaka mwisho, kisha akanituma kwa Radi na maneno ya kumfikishia.

Nilikwenda, nikamkosa, amekwenda kuezeka nyumba ya mtu, nikamkuta mkewe, na badala ya kusema nilichotumwa nikasema tu, "Mwambie anaitwa hospitali." Radi akadhani anaitwa kutukanwa, akajishauri siku tatu, akaja Ijumaa. Marehemu alikuwa amefariki Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, na aliniuliza mara mbili kama mtu amefika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao hawakuchoka nami ingawa nilistahili kuchokwa, majirani kwa viti, maji na kuni, mafundi wenzake wa kiwandani, waliokuja hadi wale wanaotembelea mikongojo, na wote ambao sikuwataja, msinune.

Na wewe, Fundi Radi, uliyesimama nyuma kabisa kama mtu asiyealikwa, sogea mbele, hapa ni kwenu. Hakuna aliyekuibia, mikono iliyogeuza kizibo ndiyo hii iliyoshika karatasi. Maneno aliyonituma Jumanne ni haya, nayatoa leo yakiwa yamechelewa siku nne juu ya miaka kumi: "Mwambie Radi mchezo ule alikuwa ameshinda, na mimi nimekubali."

Mdogo wangu, nimefikisha. Kapumzike kwa amani.