Ghazala Mamu na Kitabu Kilichokuwa Kinazikwa

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia. Ghazala Mamu amefariki. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Ghazala Mamu, mke wa sonara Shushani, mama yake Meiha, amefariki Jumanne hapa Hara Kubwa, mtaa wetu wa Wayahudi, kisiwani Jerba, akiwa na miaka themanini na moja. Mimi ni Turkia Bitani. Aliyenifundisha kusoma ni yeye, kwa hiyo sauti yangu ikikatika katikati, mtanivumilia.

Baba yake alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya dini. Siku zile wasichana wa Hara hawakufundishwa kusoma. Ghazala alipelekwa kiwandani kukunja karatasi na kuzishona. Kumbe jicho lake lilikuwa kwenye trei ya baba. Herufi za risasi za kuchapia, mnajua, hukaa kinyume. Basi mtoto alijifunza kusoma kinyumenyume kwanza, akaja kujigeuza mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyejua.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ninyi nyote mnaijua siku ya kuzika maandiko. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Ikichakaa inawekwa guniani, na magunia yakijaa wanaume wanayabeba hadi makaburini kwa nyimbo, lozi na pombe ya tini, na wanawake wanapiga vigelegele kwa mbali. Siku ile gunia moja lilipasuka. Karatasi zikamwagika miguuni mwa Ghazala. Akainama kuziokota, na alipoinuka alikuwa anasoma.

Mkuu wa maziko alikuwa Rabi Khalfuni Huri, Mungu amrehemu, mtu mkali kama pilipili.

"Binti, tia shimoni hizo," akamwambia.

"Sitii."

"Yarabi! Hutii? Hizo karatasi zimekufa."

"Umezisoma, Rabi?"

Vigelegele vikakatika. Rabi akasema zimechakaa mno, haziwezi kusomeka. Ghazala akamjibu, "Basi unazika usichokijua."

Baba yake akajishika kichwa. "Ghazala, umenivua nguo mbele za watu!"

Rabi Khalfuni akacheka, na wanaume wote wakacheka naye. "Haya, msomi wetu. Tusomee."

Akasoma. Kwa sauti, neno kwa neno, akiwa amesogea hadi ukingoni mwa shimo: "Chungu cha wapaka rangi. Kina tumbo pana na shingo fupi. Kwetu Kairuani wanawake huchemshia humo sufu." Akafunua nyingine, akasoma maana ya neno la sehemu ya jembe. Akafunua nyingine tena. Hakuna aliyecheka.

Kile kilikuwa kitabu cha maneno, wasikilizaji wapendwa. Rabi Mevoraki wa mji wa Kairuani alikiandika karibu miaka elfu moja iliyopita. Alikusanya maneno magumu ya wenye hekima wetu wa kale, majina ya vyungu, ya zana, ya nguo, na kila neno akalieleza kwa Kiarabu cha watu wa sokoni na jikoni. Kurasa themanini na sita. Nusu saa zaidi tu, udongo ungekuwa juu yake. Na aliyetaka kukizika hakuwa na ubaya. Alikuwa anakiheshimu! Kosa hilo ni letu sisi, tunaojua kuheshimu karatasi kuliko watu wengine wote.

Rabi akampa siku thelathini. Ukionyesha kwamba ni kitabu kizima, kinabaki. Ukishindwa, kinarudi shimoni. Ghazala akakaa na kurasa zile juu ya meza ya kukandia unga, akazipanga kwa herufi, ya kwanza hadi ya mwisho. Siku ya ishirini na sita akampelekea Rabi kitabu kizima. Rabi alikifunua kutwa nzima. Jioni akakirudisha bila kusema neno. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa!

Halafu kazi ndiyo ikaanza. Wino ulikuwa unakula karatasi, kwa hiyo alinakili kila ukurasa. Miaka kumi na tisa, akipika, akizaa, akilea. Mumewe Shushani alikuwa akitutania, "Nilioa mke mmoja, nikaletewa pamoja naye marehemu wa Kairuani. Na marehemu ndiye anayesikilizwa."

Mara moja wanafunzi wa Rabi Khalfuni walibishana siku tatu kuhusu chombo fulani kilichotajwa na wenye hekima. Kina masikio? Kina kifuniko? Rabi akaona aibu, lakini akamwita. Ghazala hakuja na kitabu. Alikuja na chungu kutoka jikoni kwake, akakibwaga mezani, pu! "Ndicho hiki. Rabi Mevoraki anakiita jina lilelile alilokiita bibi yangu. Mkimaliza kukikodolea macho nirudishieni, nina mchicha wa Sabato."

Wakaja maprofesa kutoka ng'ambo, na tai zao. Walitaka kukichukua wakakitunze kwenye kabati la kioo. Akawaambia, "Chai mtakunywa. Kitabu hamwondoki nacho. Meza ile pale, kaeni msome." Wakakaa. Mmoja alikaa majira mawili ya joto na akaondoka amenenepa.

Sasa Jumanne. Nisikilizeni vizuri hapa. Kamati ya maziko ilifika nyumbani na kitambaa cheupe. Waliamua kukizika kitabu pamoja naye, ubavuni pake. Hiyo ni heshima ya wanazuoni wakubwa, na hapa Hara haijawahi kupewa mwanamke. Hata mara moja! Wazee walikuwa wanalia. Mimi nilikuwepo, nikasema moyoni, hatimaye wamemkubali.

Meiha akasimama mlangoni. "Mama aliniachia neno," akasema. "Alijua mtakuja na heshima hii. Amesema anawashukuru, na jibu ni hapana."

Mzee mmoja akasema, "Binti yangu, unamnyima mama yako cheo."

"Cheo alikikataa mwenyewe, baba. Kitabu kinakwenda shule ya wasichana. Kiwekwe mezani, wazi, wakishike. Amesema kikichakaa, kichakae kwa kusomwa."

Wazee wakakikunja kitambaa, wakakirudisha mfukoni, wakaenda kumzika peke yake. Nililia, sitaficha. Na nilijivuna pia.

Meiha, wewe na ndugu zako mnaokaa chini kuomboleza siku hizi saba, Mungu awatie nguvu. Hara nzima imekaa chini pamoja nanyi. Na ninyi mnaonisikia, ingieni makabatini mwenu. Kabla hujakiita kitu kimekufa, jiulize kama umewahi kukisoma. Ukiambiwa hakikuhusu, kifungue vilevile.

Leo asubuhi nilipita shuleni. Kitabu kipo mezani. Msichana wa darasa la pili alikuwa amekiinamia, kidole juu ya mstari, na mwalimu hakumwambia atoe mkono.