Gazeti Lililofungiwa Karanga

Joséline: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Libérate: Ni mimi.

Joséline: Mimi nani— mama? Shikamoo mama. Mbona unapiga kwa namba ngeni?

Libérate: Marahaba, mwana wanje. Yangu haina chaji. Hii ni ya baba mmoja wa mizigo hapa stesheni, kanisaidia. Sikiliza haraka, salio lake dogo. Mtoto yuko wapi?

Joséline: Agape? Yuko shule. Stesheni ya wapi?

Libérate: Ya Mpanda, kwani kuna nyingine? Kamtoe shule. Pandeni gari hapo Sitalike, mje wote wawili. Nawasubiri.

Joséline: Mama, niko jikoni hapa gesti, nina wali motoni na wageni wanataka kula saa saba. Nani kafariki?

Libérate: Hakuna aliyefariki. Ndiyo maana nakupigia mapema.

(Simu inakwaruza.)

Joséline: —sijasikia. Rudia.

Libérate: Nasema tunahama. Imetoka kwenye gazeti. "Wageni wote wa jimbo hili wajiandikishe bomani kabla ya Jumamosi. Atakayekaidi atarudishwa kwao." Kwa herufi kubwa hivi.

Joséline: Gazeti gani hilo? Wewe tangu lini unanunua gazeti?

Libérate: Sikununua gazeti. Nilinunua karanga.

Joséline: Karanga.

Libérate: Za Agatha, pale nje ya kanisa. Alinifungia kwenye hilo gazeti. Nikala, nikakung'uta chumvi, nikasoma.

Joséline: Mama, Agatha si alinunua yale magazeti kwa kilo, kwa mjane wa yule karani wa reli? Yalikuwa darini, ya tangu enzi za mkoloni. Aliniambia mwenyewe nilipokuja Pasaka. Siku hizi nani anasema bomani? Na jimbo liko wapi, siku hizi si mkoa?

Libérate: Wote tulifungiwa karanga humo, siyo mimi peke yangu. Mzee Yohani yake ilisema baiskeli isiyo na kengele itakamatwa. Tangu juzi anatafuta kengele Mpanda nzima. Kakosa, kafunga ya mbuzi.

Joséline: (Anacheka.) Ya mbuzi?

Libérate: Inalia vizuri tu. Na Odeta, yake ilisema nzige wako njiani. Kavuna mahindi mabichi yote, kayajaza chumbani, mume wake sasa analala sebuleni.

Joséline: Jamani, Odeta. Na nyie wote Ilembo nzima, hakuna hata mmoja aliyejiuliza?

Libérate: Ajiulize nini? Nzige hawaji? Baiskeli hazikamatwi?

Joséline: Haya. Na wewe umefanya nini? Usinifiche.

Libérate: Kuku nimeuza. Godoro ninalo hapa, na sufuria kubwa, na jembe. Shamba nimemwambia Mwandu aingize ng'ombe wake, wale tu.

Joséline: Mahindi yetu? Mama, hicho si ndicho chakula cha mwaka mzima—

Libérate: Kakataa. Msukuma yule mbishi. Kasema ng'ombe wake hata mmoja hakanyagi pale mpaka mimi niongee na wewe kwanza. Haya, tumeongea. Mpigie umwambie aingize.

Joséline: Simwambii. Nisikilize mama—

Libérate: Nisikilize wewe—

Joséline: Wewe ni Mtanzania. Uliapa uraia, ukapigwa picha, tukala pilau. Unapiga kura. Nani atakurudisha, na akurudishe wapi? Na hapo juu ya gazeti si kuna tarehe? Hebu nisomee mwaka.

(Simu inakwaruza.)

Libérate: Elfu moja mia tisa hamsini na nne.

Joséline: Umeona sasa.

Libérate: Niliona siku ileile, Joséline. Nilianzia kusoma hapo juu. Mimi kusoma najua.

Joséline: Sasa kama uliona, kwa nini—

Libérate: Baba yangu naye alikuwa anajua kusoma. Kule tulikotoka. Watu walikuja jioni kumwambia mambo, akasema hayo maneno ya zamani, hayatuhusu, laleni. Asubuhi akaenda kukamua.

Joséline: Halafu?

Joséline: Mama? Halafu babu akafanyaje?

Libérate: Hakurudi. Halafu sisi tuko huku.

Joséline: Hujawahi kuniambia hilo.

Libérate: Ningekuambia lini? Ulikuwa na shule, halafu ukawa na mtoto. Naogopa, mwanangu. Najua ni gazeti la zamani, na bado naogopa. Usingizi siupati. Nimekaa hapa juu ya godoro, watu wanapita wananiuliza mama unakwenda wapi, sina jibu.

Joséline: Kwani unakwenda wapi?

Libérate: Si nimekwambia sina jibu.

Joséline: Na treni ipo leo?

Libérate: Leo haipo. Nilijua tangu nyumbani.

(Simu inakwaruza.)

Joséline: —hapo hapo, unanisikia? Kaa hapo hapo. Wali namwachia Emelyne ninayepika naye. Nakuja.

Libérate: Unakuja kunicheka.

Joséline: Nimecheka kengele ya mbuzi. Wewe sijakucheka. Nakuja tukae wote kwenye hilo godoro mpaka mwenyewe useme turudi Ilembo.

Libérate: Na nisiposema?

Joséline: Tutakaa tu.

Libérate: Na Mwandu?

Joséline: Mwandu nitampigia nikiwa njiani. Nitamshukuru.

Libérate: Ego, ndiyo. Mshukuru na kwa niaba yangu, nilimtukana kidogo. Ngoja, huyu baba ananionyesha kwa kidole kuwa salio linaisha. Na Agape?

Joséline: Namchukua shule, nakuja naye.

Libérate: Mvalishe viatu. Vya kufunga kamba, siyo ndala. Mimi kule nilitoka peku, na—

Joséline: Mama?

(Simu inakatika.)

Joséline: Namvalisha, mama. Vya kufunga kamba. Haloo?