Mzee Nedo na Pua za Kuazima

Ifikapo Novemba 11, Sikukuu ya San Martino, Mzee Nedo Bindocci atakabidhi funguo za ghala la mapipa ya mvinyo hapa shambani Casalfosco, baada ya kulitumikia miaka arobaini na moja. Siku hiyo ameichagua mwenyewe. Zamani, kwenye vilima hivi vya Montalcino, San Martino ndiyo ilikuwa siku ya kuhama: mkataba wa shamba umekwisha, familia inapakia godoro na kuku kwenye mkokoteni na kwenda kutafuta bwana mwingine. Baba yake alihamishwa hivyo zaidi ya mara moja. Mzee Nedo anasema yeye hahami mbali, anavuka barabara tu mpaka jikoni kwa mkewe, Bi Ilva, ambaye ameshatutangazia kwamba hana uhakika kama anamtaka humo mchana kutwa.

Kazi ya kuandika haya, yatakayosomwa kwenye karamu ya kumuaga, nimeachiwa mimi, Loriana, msaidizi wake, kwa sababu wenzangu wote walijifanya hawana kalamu.

Alianza kama mbeba zabibu. Siku zake za mwanzo aliteleza akatumbukia kwenye tangi la zabibu zilizopondwa, akatolewa mwekundu hadi masikioni, na Jumapili akaenda kanisani vile vile maana rangi ilikataa kutoka. Baadaye alipewa kuosha matangi, kisha kutunza mapipa, na hatimaye ghala zima likawa lake. Vijana wanaoingia kazini wakidhani mkuu wa ghala ni mtu wa kukaa na kuonja walikuwa wakipewa brashi na ndoo asubuhi ile ile.

Mvinyo wetu, Brunello, hauna haraka, na Mzee Nedo ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeweza kwenda nao mwendo mmoja. Zabibu zikishaingia, maganda hupanda juu ya tangi na kufunika yote kama blanketi, na sisi huvuta maji ya zabibu kutoka chini na kuyamwaga juu, tena na tena, polepole, hadi rangi yote ishuke. Wakati huo yeye huweka sikio kwenye tangi na kufumba macho. Ndani kunatokota kwa sauti ndogo, na uso wake unalegea hadi unaona haya kumsemesha. Kisha mvinyo huingia kwenye mapipa makubwa ya mwaloni na kulala gizani miaka. Mle ghalani ukikaa kitambo unasahau kama nje ni asubuhi au jioni, kama ni mvua au jua, na wala husikitiki. Mara nyingi nimetoka mle nikashangaa kukuta bado ni Jumanne.

Kuunywa pia alitufundisha. Fungua chupa kabla ya Misa, unywe baada ya Misa. Glasi iwe pana, usiijaze. Pembeni kuwe na nguruwe mwitu aliyechemshwa tangu alfajiri, jibini kavu la kondoo, na mkate wetu usio na chumvi. Mgeni mmoja aliwahi kuomba barafu. Mzee Nedo alikwenda akarudi na ndoo nzima, akaiweka chini miguuni pake, akasema, "Najua kilima kimekuchosha, baba. Tumbukiza miguu humo, lakini mvinyo uuache ulivyo." Mgeni yule sasa huja kila mwaka, na bado anauliza ndoo iko wapi.

Mwaka huu, katika baridi ya Candelora, sikukuu ya mwanzoni mwa Februari, homa ilimlaza. Aliporudi alikuwa amekonda, na tabia imebadilika. Mtu ambaye miaka yote alionja peke yake na kusema neno moja, "bado" au "tayari", sasa alikuwa akinipa glasi kila mara. "Hebu nusa hii, mwanangu. Unasikia nini?" Nikisema cheri, atauliza mbichi au mbivu. Nikisema ngozi, atauliza ya kiatu au ya tandiko. Siku mbili tatu alimwita hata Duilio, dereva wa trekta. Nilienda nyumbani kifua mbele, nikamwambia mama kwamba Mzee ananiandaa kushika nafasi yake. Jamani, nilijiona mtu.

Ikafika siku ya kuutia mvinyo chupani. Mapipa yote ya mwaka mmoja huchanganywa katika tangi moja, na pipa moja bovu likiingia, limeharibu yote. Kwa hiyo kuna desturi ya nyumba hii: mkuu wa ghala anazunguka peke yake, ananusa, anaonja, na pipa analolikubali analichora msalaba kwa chaki. Wengine tunasimama ukutani tumefunga midomo, hata Bi Ottavia, mwenye shamba. Hakuna anayeruhusiwa kusema chochote mpaka msalaba wa mwisho.

Mzee Nedo alisimama mbele ya pipa la kwanza. Akanusa. Akanusa tena. Chaki ilikuwa mkononi na mkono haukwenda popote. Nilidhani anaumwa. Kisha akaweka glasi chini, akageuka.

"Bi Ottavia, sina pua."

"Huna pua vipi, Nedo?"

"Imekufa. Tangu ile homa. Nanusa kahawa, hewa. Nanusa vitunguu vya Ilva, hewa. Nimepita nyuma ya banda la nguruwe nikitabasamu."

Bi Ottavia alikaa kwenye kreti. "Na miezi yote hii umekuwa ukifanya kazi kwa kutumia nini?"

"Pua ya Loriana. Na ya Duilio, siku ambazo hajavuta sigara."

Angeweza kuchora misalaba yote akaenda zake, na nani angejua? Nilimuuliza hilo baadaye, kwa hasira, maana nilijisikia nimechezewa. Alinijibu bila kuinua sauti. "Nyinyi ningewadanganya vizuri tu, mwanangu. Lakini chupa hizi watu watazifungua kwenye harusi za watoto wao, mimi nikiwa kaburini. Nitatokaje huko kuja kuomba radhi?"

Bi Ottavia alinipa mimi chaki. Nikamtazama Mzee, akatikisa kichwa. "Usinitazame mimi. Mimi leo naona rangi tu." Nilizunguka pipa kwa pipa. Mapipa yote yalikuwa mazuri isipokuwa lile la karibu na mlango, ambalo lilinipa, kwa mbali, harufu ya tambara lililolala na maji. Duilio alinusa akasema hasikii kitu. Bi Ottavia alinusa, akasema pipa lile ni mvinyo mwingi sana wa kuacha kwa sababu ya tambara. Sikulichora. Lilibaki pale peke yake, na kufikia Agosti lilikuwa linanuka mpaka mtoto angelikataa. Mvinyo ulioko chupani ni safi.

Mzee Nedo alidhani angeondolewa siku ile ile, kama baba yake. Bi Ottavia alimwambia amalize mwaka wake hadi San Martino kama ilivyopangwa, na afundishe kwa mdomo maana huo haujafa.

Daktari wa Siena anasema huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Tangu homa ile hajamaliza hata glasi moja. Bi Ilva ametunong'oneza kwamba kwenye karamu ya kumuaga ameamua atainua glasi ya maji, maana kunywa Brunello bila harufu, anasema, ni kama kubusu ukuta. Jambo hilo limetuuma wote kuliko kuondoka kwake.

Mzee wetu, maji hayo tumeyakataa. Mbele yako kuna glasi ya mvinyo ule ambao wewe uliogopa kuuchorea msalaba. Inatoka kwanza harufu ya cheri iliyoiva mno, ile inayoanguka yenyewe kabla mtu hajaleta ngazi. Usikimbilie kumeza. Nyuma yake inakuja ardhi yenye majani baada ya mvua, kisha tumbaku ambayo haijawashwa. Ukiuacha kidogo, kwa mbali kabisa, kuna ua la urujuani. Duilio anasema hilo ua halipo, lakini Duilio amevuta.

Asante kwa kila "bado" uliyotuambia. Upumzike salama na Bi Ilva, na afya yako iwe njema, na kila San Martino kiti chako kiwe hapa katikati yetu. Kunywa taratibu, Mzee. Sisi tutakunusia.