Kuni za Mtu Aliye Hai

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Kamwene ninyi wa Makambako, kamwene Njombe mjini, kamwene ninyi wa Uwemba mnaomenya viazi huku redio iko juu ya kabati. Bibi yenu nipo. Vuteni vigoda, ongezeni sauti kidogo.

Leo tunamkumbuka Conjesta Haule. Tumemzika Jumamosi, pembezoni mwa Makambako, karibu na mparachichi wake. Conjesta Haule. Wengi walimwita Mama Kuni. Mbona Mama Kuni? Ngojeni, tutafika.

Conjesta alizaliwa Ludewa, milimani, kwa Wapangwa. Alikuwa na kaka mmoja, Marcelino, msuka vikapu, mtu wa utani. Kisha Marcelino akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Akawa halali usiku. Akawa anagombana na ukuta. Ukoo ukasema karogwa, wakamzungusha kwa waganga mpaka wakachoka. Mwisho wakamfunga kwenye nguzo ya ghala la mahindi, ati kwa usalama wake. Jirani hakuna aliyefika. Watu walipita ng'ambo ya njia, salamu wanaitupa kwa mbali. Baridi ya mwezi wa saba ikamkuta palepale kwenye nguzo. Akafa.

Ndipo watu wakaja. Desturi yetu mnaijua, wapendwa. Msibani huendi mikono mitupu. Kila nyumba hutoa gogo, wanawake hujitwika, huongozana kwa mstari, kimya. Siku ya Marcelino kuni zilipanda mpaka zikagusa paa. Conjesta, msichana bado, akazitazama. Akauliza mbele ya wakubwa: "Mama, kuni zote hizi zilikuwa wapi kaka alipokuwa anatetemeka?"

Wakamwambia anyamaze. Akanyamaza. Lakini aliolewa Makambako akiwa bado na swali lile kifuani.

Miaka ikapita. Akazaa, akazika mume, akalea. Halafu kijana wa jirani yake akaugua. Yusto, mtoto wa Yudita. Ugonjwa uleule. Sauti zilikuwa zinamwambia Yusto kwamba yeye ameshakufa, watu wanamficha tu. Yudita akamfungia chumba cha nyuma, akaacha kwenda kanisani kwa aibu. Conjesta akabisha hodi.

"Yudita, twende Njombe. Kuna kliniki ya ugonjwa huu."

"Watu wakiniuliza nitasema nini, dada?"

"Utasema mtoto anaumwa. Mbona alipougua malaria hukuona aibu?"

Wakaenda. Yusto akalazwa, akapewa dawa, akaanza kulala. Naye nesi Consolata wa kliniki ile akawa anakuja ukumbi wa kanisa kufundisha familia. Aliwaambia ugonjwa wa akili ni ugonjwa, si laana. Dawa haiachwi kwa sababu mtu amepata nafuu, na haishushwi kwa ulanzi, pombe ya mianzi. Na mgonjwa akishikwa na hofu, azungumze naye mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, asimtokee kwa nyuma, asibishane naye.

Prisila, binti wa Conjesta, alitusimulia akicheka na machozi yakimtoka: "Mama kusoma kulimpa shida. Kwa hiyo maneno ya nesi alikuwa anayarudia shambani, akipalilia, peke yake. Tulidhani naye ameanza!"

Yusto akarudi nyumbani, mwembamba, mpole. Conjesta akawakusanya wanawake. Akasema, tusingoje afe. Kila mmoja abebe gogo lake, tukamwashie moto, tukae naye tuote. Kuni za mtu aliye hai. Wakakubali. Mchana wa siku ile ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari. Wanawake wakajifunga vitenge, wakajitwika magogo, wakaongozana kwa mstari. Kimya.

Mmeona kosa, wapendwa? Hakuna aliyeliona. Ndivyo walivyozoea kubeba kuni, nao wakabeba vilevile. Ng'ambo ya bonde, mama mmoja alikuwa anachimba viazi. Akainua macho. Mstari wa kuni, unaelekea kwa Yudita. Akatupa jembe, akashika kichwa.

"Yooo! Yusto amekufa! Yusto wa Yudita, yooo!"

Kilio kikapokewa nyumba hadi nyumba. Vijana wakachukua sululu. Vitus, baba mdogo wa Yusto, akawa ameshaagiza ulanzi wa wachimba kaburi. Naye Yusto alikuwa ndani. Kijana ambaye sauti zilikuwa zinamwambia amekufa, sasa anasikia kijiji kizima kinalilia kifo chake.

Akatoka mbio. Akapita katikati ya wanawake, akaingia kwenye ukungu, kuelekea barabara kuu. Mnaijua barabara ile. Malori ya mbao, malori ya mafuta, na siku ya ukungu dereva haoni hata boneti yake.

Vitus alipomwona mfu wake anakimbia, alishtuka, kisha akaita: "Leteni kamba! Akifika lami tutaokota vipande!"

Kamba. Conjesta akaiona tena nguzo aliyofungwa Marcelino. Akasimama njiani mbele ya wanaume.

"Shemeji Vitus, kamba hiyo kafungie ng'ombe. Mkimkimbiza atakimbilia lorini."

"Na wewe utamshika kwa goti hilo bovu?"

"Simshiki. Naenda kuongea naye. Yudita, wanyamazishe hao wanaolia. Kwanza wanyamaze!"

Akaenda. Hakukimbia. Gogo lilikuwa bado kichwani, alikuwa amelisahau. Mbele alisikia honi, ndefu, kisha upepo wa lori likipita. Midomo ikawa inarudia maneno ya nesi. Mtu mmoja. Sauti ya chini. Usimtokee kwa nyuma. Akazunguka kwa mbele, kwenye majani ya ukingoni, mpaka akamwona. Yusto alikuwa amesimama penye mstari mweupe wa lami, peku, jiwe mkononi.

"Usisogee!"

"Sisogei, mwanangu. Ni mama Prisila."

"Mimi nimekufa. Wanalia. Umewasikia?"

Hapo, wapendwa, mtu angesema hakuna kitu, unasikia ovyo. Conjesta hakusema hivyo.

"Nimewasikia. Safari hii hata mimi nimewasikia. Wamekosea, Yusto. Wameona kuni wakadhani msiba."

"Kuni za nani?"

"Zako. Za kuota moto. Una baridi?"

Yusto akatazama miguu yake. Honi ikalia tena, karibu. Nyuma, ndani ya ukungu, Conjesta aliona kivuli cha Vitus na kamba yake. Alitaka kupiga kelele. Akajizuia.

"Nina baridi," akasema Yusto.

"Mfu hana baridi. Na mimi shingo inaniuma. Njoo unipokee gogo hili, mwanangu."

Yusto akatazama gogo. Akatazama jiwe. Gogo halipokewi kwa mkono mmoja. Taratibu akaliachia jiwe, akatoka kwenye lami, akanyoosha mikono yote miwili. Lori likapita nyuma yake, kitenge cha Conjesta kikapepea. Gogo lilikuwa limeshafika begani kwake.

Walirudi hivyo, yeye na gogo, Conjesta kando yake. Vitus alisogea pembeni akaficha kamba mgongoni. Jioni ileile aliileta jikoni, ikafungiwa kuni. Na ulanzi wake? Wanawake walimtania mpaka akatamani kuondoka: "Baba mdogo, huyo marehemu wako anaomba chai!"

Tangu hapo kuni za mgonjwa hazikubebwa kimya tena. Zilibebwa kwa wimbo, na mlangoni husemwa kwa sauti: "Hodi, tumekuja kuota moto." Kikundi cha wanawake wale kikaota mizizi, naye Conjesta wakamwita Mama Kuni. Familia zilizokuwa zinaficha watu wao zikaanza kuwatoa, kuwapeleka kliniki, kuketi kwa nesi.

Wiki iliyopita moyo wa Conjesta ulisimama, akiwa anapalilia. Watu wakaanza kukusanyika. Wa kwanza kuingia uwanjani na gogo begani alikuwa Yusto. Sasa ni fundi wa mbao, na dawa zake anameza. Alibeba kimya. Akasimama mlangoni, hakulitua. Akamgeukia mama yake.

"Mama, hili sasa ni la msiba?"

Yudita akasema, "Ndiyo, mwanangu. Hili ni la msiba."

Ndipo akalitua. Ndipo akalia.

Prisila, na ukoo wote wa Haule, poleni. Yudita na Yusto, poleni. Makambako nzima, poleni sana. Nanyi wapendwa, jikoni kwenu kuni zipo, na jirani mwenye mtu chumba cha nyuma mnamjua. Bebeni gogo moja, leo, mtu angali hai. Na mkifika njiani, imbeni.