Bi Bashira Nahodha, Aliyepima Udongo wa Mtondooni

Marehemu Bi Bashira Nahodha Kurwa, tunayemzika leo hapa Mwanakwerekwe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kijiji cha Mtondooni, Kaskazini Unguja. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Nahodha Kurwa na Bi Mwanakheir Haji, wakulima wa mpunga. Mimi ninayesoma, Borafya, ni mdogo wake. Tulizaliwa wawili tu.

Alisoma skuli ya kijijini, akaendelea na sekondari mjini, kisha chuo cha kilimo. Mwaka 1988 alipelekwa Morogoro kusomea udongo. Aliporudi, mama alimuuliza, "Mwanangu, miaka miwili yote udongo tu?" Akajibu, "Mama, na sijaumaliza."

Alianza kazi ya kupima udongo wa mashamba mwaka 1990, akaifanya hadi alipostaafu mwaka jana. Mwaka 1992 aliolewa na Machano Muhammad, fundi wa redio pale Darajani, wakaishi Kiponda. Udongo aliotoka nao mashamba aliuanika juu ya paa kwenye masinia. Siku moja jirani yao, Bi Masuma, alimuuliza, "Bashira, bizari gani hiyo isiyo na harufu?" Akamwambia, "Ya Makunduchi, Bi Masuma. Usiitie kwenye mchuzi." Bi Masuma yupo hapa leo, na anaikumbuka.

Mwaka 2016 tuta la kuzuia bahari lilibomoka Mtondooni, na mpunga wetu ukaanza kuungua ncha. Sisi wenyewe tulimwita. Alichimba pahala kumi na moja, konde langu likiwemo, na baada ya wiki mbili akarudi na majibu. Alisimama mbele yetu akasema, "Bahari imeingia. Mkipanda mwaka huu mtapoteza mbegu. Lakini bonde hili halijafa."

Ripoti yake, aliyoipeleka ofisini kwao, ilikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ulisema udongo una chumvi nyingi na mpunga hautamea. Kurasa tano zilizobaki zilieleza dawa yake: tuta lizibwe, mvua ioshe chumvi, na baada ya misimu mitatu tutapanda tena. Haukupita mwaka, watu tusiowajua walikuja na ule ukurasa wa kwanza peke yake. Wakatusomea kwamba ardhi yetu haifai kwa kilimo, na kwamba keshapewa mwekezaji wa nyumba za wageni. Uzio ukajengwa kabla ya Ramadhani.

Nilimfuata Kiponda. Nilimwambia mbele ya mumewe na watoto, "Umetuuza, dada."

"Borafya, zisome kurasa zote."

"Mimi nshausoma uzio."

Sikusema naye tena kwa miaka minane. Machano alipofariki mwaka 2019, sikwenda kumzika. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Miaka yote hiyo alizunguka ofisi kwa ofisi na kurasa zake sita, akiambiwa arudi wiki ijayo. Mwaka 2021 alikwenda peke yake Mtondooni, akachimba kandokando ya uzio. Mwekezaji alikuwa ameliziba tuta ili kulinda majengo yake, na mvua zilikuwa zimefanya kazi yake. Chumvi ilikuwa imeshuka. Mpunga ungemea. Matokeo hayo hakuna aliyeyataka. Haya sikuyajua mpaka bintiye, Muzdalifa, aliponieleza mwezi uliopita.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumatano iliyopita Muzdalifa alinipigia simu. "Mjomba, kama utakuja, njoo leo." Nilikwenda. Dada alinitambua, ila akili yake ilikuwa imerudi nyuma, na uzio hakuutaja.

Akaniuliza, "Borafya, mwaka huu umepanda nini?"

Mimi sina konde. Mimi ni mlinzi wa lango la nyumba zile zile za wageni, na siku hiyo nilikwenda hospitali na sare yao.

Nikasema, "Mpunga, dada."

"Umeota?"

"Umeota vizuri."

Akasema, "Alhamdulillahi," akalala. Sikumwomba radhi. Nilipanga kumwomba Jumapili, akiwa na nguvu. Amefariki alfajiri ya leo, Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025.

Marehemu ameacha watoto wawili, Muzdalifa na Muhammad, wajukuu watatu, na ndugu mmoja. Ewe Mola wetu, Bashira alisema kweli na hatukumsikiliza. Mpe kauli thabiti, mkunjulie kaburi lake, umpumzishe kwa amani ambayo sisi, na mimi wa kwanza, tulimnyima. Amin.